Mgeni wa Siku ya Tatu

Kinyozi wa pale kona hugeuza kichwa cha mteja taratibu, kama mtu anayechagua tikiti maji, na kiti kikibaki kitupu vidole hivyohivyo huhamia kwenye kidude chake cha michezo. Kidude kinatumia mfumo wa Linux, si Windows kama kompyuta nyingi, na kina duka lake la michezo mtandaoni. Michezo aliyoinunua kwenye maduka mengine, enzi za kompyuta yake iliyokufa, hakiielewi mpaka aiwekee programu ya kuitafsiri, ambayo yeye huiita mkalimani. Michezo yenyewe huiita wageni. Hupuliza nywele zilizonasa kwenye vitufe, hugonga kioo cha kidude kwa ukucha, husema "hodi" kwa sauti ya chini, ndipo hubonyeza.

Mgeni aliyeingia juzi ni mchezo wa kulima, ambao yeye na mkewe waliucheza wakiwa wachumba. Juzi uligoma kufunguka. Jana ulileta giza tupu. "Mgeni siku mbili," alimwambia mkewe, anayesuka wateja nywele kwenye kiti cha pili, "ya tatu mpe jembe." Mkewe akaguna tu, ila tangu asubuhi hajaacha kuchungulia. Leo kinyozi kabadilisha mkalimani, kapiga hodi, kabonyeza. Muziki ukaanza. Mkewe akaacha msuko njiani, akaja na kitana mdomoni. Kwenye kioo cha kidude alisimama kibabu wa kuchorwa, kando ya shamba lililojaa magugu, akiwanyooshea jembe.

"Kumbe kaja na lake," mkewe akasema, akakipokonya kidude.