Ufalme Usio na Mjomba

Jino langu la kwanza kung'oka ukubwani liling'olewa Ndanda, hospitali ya misheni, mwishomwisho wa enzi ya Mwingereza. Mganga alikuwa na vidole vinene kama mihogo ya kijijini Mnyambe. Vilipenyaje mdomoni, sijui hadi leo. Nikatoka shavu limevimba, nikakaa kando ya barabara natema damu, mpaka lori la Mhindi mmoja, mwenye duka Newala, likanichukua. Tukipanda mlima akaniuliza kazi yangu. Kusema siwezi, nikamwonyesha kwa mikono: cherehani. Basi ndivyo nilivyopata kibaraza cha kushonea dukani kwake, ndivyo nilivyomjua baba yake.

Yule mzee alikuwa na kitabu cha hadithi za miungu yao, kwa Kihindi cha kale ambacho hata mwanawe hakukijua. Hakukifungua bila kuoga, na Newala maji yanapandishwa kichwani kutoka bondeni. Kina mama wakanong'ona, "Sisi ya kunywa hatuna, mwenzetu anaogea kitabu!"

Wajukuu walizaliwa palepale. Walisema Kiswahili na Kimakonde. Kihindi chao kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Siku moja mzee akaniambia, "Fundi, mimi nikifa, hiki watafungia sukari. Mimi nasema maana, wewe unasema Kiswahili kizuri, mjukuu anaandika."

Mjukuu mwenyewe binti mkubwa, mcheshi. Mimi shule niliionja tu, lakini kwa hadithi nilisifika. Nikakubali.

Miungu ilinipa taabu, maana padri alitufundisha mmoja. Nikawaita wakubwa wa mbinguni. Mzee akaguna, tukaendelea. Kisha mfalme wa hadithi akafa, watoto wake na wa nduguye wakagombea kiti, vita ikawaka. Mama mmoja aliyengoja nimpindie kanga akasema, "Ngoja kwanza, fundi. Mjomba wao yuko wapi?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi? Huyo mfalme hakuwa na dada? Kiti ni cha mtoto wa dada. Hao wote wanapigania kisicho chao!"

Kibaraza kizima kikacheka. Nami Mmakonde, kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Mzee akaeleza kwamba kwao ni baba na mwana. "Basi waache wauane," akasema yule mama.

Siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Nikifika vitani, watu wanadai mpwa. Nikamwambia mzee tumtie mpwa mmoja, mdogo tu. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake.

Akamgeukia mjukuu. "Wewe unaelewa? Kiti cha nani?"

Binti akajikuna kichwa kwa kalamu. Nikamwomba Mungu binti aseme ni cha mwana. Nilikuwa nauona mdomo wake unafunguka, na sina la kufanya.

"Babu, usikasirike. Lakini huyo mtoto wa dada wamemficha wapi?"

Safari hii hakucheka mtu. Mzee akakifunga kitabu kwenye kitambaa chake, akavaa viatu.

"Kaa, Babu," nikasema, "tutaisema upya."

"Sema wewe, fundi."

Akapita boma la serikali, kitabu kwapani, akashika barabara ya Masasi. Tulidhani anapunga upepo. Mwanawe alimtafuta kwa lori mpaka Ndanda, mpaka Lindi. Hakurudi.