Vibanio vya Mwigizaji

Jirani yangu hapa mtaa wa Tena, mama wa makamo, ameigiza jukwaani na kwenye televisheni miaka thelathini, lakini maneno yake hujifunza akianika nguo. Kila sentensi ina kibanio chake. Hukibana kwenye kamba, hutamka polepole, kisha husogea hatua moja. Akikosea, huvitoa vyote na kuanza upya.

“Mathe, leo unagombana na shuka?” Nthoki, mpangaji wa chini, humtania.

“Shuka angalau linanyamaza, Nthoki. Wewe je?”

Mwezi uliopita mwelekezi wa mchezo wao alimwonya kwamba akisahau maneno tena jukwaani, nafasi yake atapewa mwingine. Jumamosi mimi na Nthoki tulikwenda kumtazama. Aliigiza mama anayemsamehe mwanawe, na katikati ya maneno akakwama. Mwelekezi akasimama pale pembeni mwa jukwaa. Ndipo mkono wa jirani yangu ulipopanda hewani, vidole viwili vikabana kitu kisichokuwepo. Akasogea hatua moja, akabana tena, na maneno yakaja, sentensi baada ya sentensi, mpaka mwisho. Waliokaa mbele yetu walikuwa wakifuta machozi.

Nthoki alinishika mkono. Safari hii hakutania.

“Anaanika,” akaninong'oneza.