Ukuta Uliokandikwa Mapema

Ukishuka bondeni kutoka Mtunda, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mpunga ni ya Mwajabu binti Saidy. Mama huyu hangoji mto umbishie hodi. Kila mwaka, vuli ikipita tu, hupanda kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, akaweka huko mbegu ya mpunga, vyungu, majamvi, hata tetea wake. Basi maji ya mwaka 2024 yalipokuja, yalikuta chini hakuna cha kubeba. Yeye na bintiye Warda, mjamzito wa miezi minane, walikuwa zamani wako mwinukoni, chini ya turubai.

Warda akajifungulia huko, mtoto wa kike. Maji yalipotoka, alitaka jambo moja tu: mwanawe amalize arobaini ndani ya nyumba, si kwenye mbu.

"Mama, nyumba si imesimama?"

"Hata mlevi husimama, mwanangu, mpaka umguse."

Mwajabu alibandua udongo wa kuta zote, kutoka chini hadi kiunoni, nguzo zipigwe jua mwezi mzima, zikauke mpaka ndani. Majirani walikuwa wamekwisha kukandika. Subira, wa nyumba ya pili, akapita na ndoo yake akicheka.

"Shoga, nyumba umeivua nguo! Isitiri basi, una mkwe wewe!"

Wiki ya pili Mwajabu alikwenda zahanati kuomba dawa ya kutia kisimani. Aliporudi alasiri, akakuta chumba kimekandikwa, ukuta laini, umechorwa maua kwa vidole. Twalha, mume wa Warda, alikuwa mlangoni, mikono imejaa udongo.

"Shikamoo mama. Nimekumalizia kazi."

Mwajabu akampita, akaingia. Ndani, Warda alikuwa amemlaza mtoto kwenye mkeka, kando ya ukuta.

"Warda, toka na mtoto."

"Mama, ndiyo kwanza kalala..."

"Toka!"

Walipotoka, Mwajabu akachukua mchi wa kinu, akaugonga ukuta chini, karibu na mkeka. Hakugonga kwa nguvu. Mchi ukazama. Nguzo ikakatika kama muhogo uliooza, ukuta ukaketi wote, pale pale alipokuwa amelala mtoto. Mwajabu akatoka kinyumenyume, vumbi usoni.

"Nguzo niliziona zimekauka, mama," Twalha akasema.

"Zimekauka nje. Baba yake Warda naye aliziona hivyo."

Warda akageuka. Tangu utoto alijua baba yake, Dadi, alikufa kwa mafuriko ya Elinino. Kijiji kizima kilisema hivyo, na Mwajabu alikiacha kiseme.

"Maji yalikuwa yamekwisha kutoka," Mwajabu akasema. "Ulikuwa mchanga, una siku kumi na saba. Mwenzangu alitaka kungoja. Mimi ndiye niliyemharakisha, nikamwambia mtoto atalala nje mpaka lini. Akakandika. Ukuta ulimwangukia yeye, siyo sisi."

Warda alimfunga mwanawe kwa kanga, akashika njia ya mwinukoni, taratibu, bila kuangalia nyuma.

Twalha akaingia uani. Akaanza na ukuta uliobaki, akiubandua udongo wake mwenyewe kwa mikono, maua na yote. Mwajabu akamtazama kidogo, akaweka mchi, akaenda kumsaidia.

Arobaini ya mtoto ilitimia chini ya turubai.