Hotuba Yangu Kule Milimani Albania

Hii maneno sikutaka kuiongea kabisa, na kama si ile video kufika kwa simu ya shemeji yangu huko Kajiado ningeenda nayo kaburini, lakini kwa vile sasa kila mtu Kitengela ako na hadithi yake, wacha mnisikie mimi mwenyewe, maanake kuna wanaosema nilikuwa nimelewa na pombe hata sikuonja (nilikunywa kahawa, vikombe vitatu, vile vidogo kama vya watoto wa kuchezea).

Mnajua kazi yangu ni kutembeza wageni. Miaka kumi na mbili nimewapeleka Amboseli, na kila tukisimama Namanga wanunue shanga huwa nawaambia kitu kimoja tu, mtu asitoke kwa kikundi bila kuniambia, kisha nawahesabu kabla gari itoke. Sasa kuna mama mmoja mzungu anaitwa Helen, yeye na mzee wake nimewatembeza mara nyingi mpaka tumekuwa kama jamaa, na mwaka jana wakaniandikia wakasema wao wamezungushwa na mimi vya kutosha, saa hii ni zamu yangu kuzungushwa, twende Albania, kikundi kidogo cha watu wanane, tuone milima na mila za watu. Mke wangu Naserian akanipakia sweta mbili, nikaenda.

Siku ya nne tulisimama kula kwa kijiji kimoja juu milimani. Dada aliyekuwa anatuongoza, Drita, akasema tuko na saa moja. Mimi nikamaliza kula haraka (mazoea ya kazi, dereva hali polepole), nikaona nyuma ya hoteli kuna mbuzi wazuri ajabu, pembe zimejipinda, nikasema wacha niende niwapige picha mbili nimwonyeshe baba mkwe. Sikuambia mtu. Mtu mzima ataomba ruhusa ya kuangalia mbuzi?

Nikafuata mbuzi, mbuzi wakapanda, nikapanda, na nilipofika juu nikasikia wamama wanalia. Si kulia kidogo, ni kile kilio cha kutoka tumboni, kama ya kwetu Bungoma mtu akifa. Nikaona boma, viti vimepangwa nje, wanaume wamevaa suti nyeusi wamenyamaza, na gari moja nyeusi imefungwa maua mbele. Nikasimama pale kwa geti nimechanganyikiwa. Kwetu hupiti kilio kama hujaona. Lakini pia maua yalinitatiza, kwa hivyo, na hapa naomba mnipe haki yangu, niliuliza. Kulikuwa na mzee kwa geti, nikamwonyesha kidole cha pete, nikamwambia kwa Kiingereza polepole, hii ni harusi? Mzee akatingisha kichwa, kushoto, kulia, kushoto. Basi. Si harusi.

Nikavua kofia nikaingia, dakika tano tu, niseme pole nirudi.

Wale watu walinipokea vile hata nyumbani sijawahi kupokewa. Mgeni mweusi, amefika kwa miguu, hakuna anayemjua. Wanaume wote wakasimama, nikasalimia kwa mikono miwili, mmoja mmoja, uso nimeukunja, nikapewa kiti mbele karibu na mwenye boma na nikaletewa kahawa. Kila nikitaka kuondoka naletewa ingine. Halafu akaja kukaa kando yangu mtu wa makamo anaitwa Arben, alikuwa amefanya kazi kwa meli, Kiingereza anajua. Nikamuuliza kwa sauti ya chini nini imetokea. Akapumua, akaniambia, "Leo nyumba hii inapoteza binti yao. Wa pekee."

Mimi machozi yakanitoka. Niko na msichana mmoja pia, Nasieku.

Mwenye boma aliniona nikilia. Akamshika Arben mkono akamwambia kitu, na Arben akanigeukia akasema baba anaomba mgeni aseme neno, mgeni akitoka mbali neno lake ni la baraka. Sasa mimi kwa matanga mnanijua, siwezi kukataa. Nikasimama. Nikasema nimetoka Kenya, mbali sana, lakini uchungu wa mzazi hauna lugha. Nikasema mtoto tunapewa tu tumlee, siku ikifika anaitwa kwenye makao yake mapya na sisi hatuwezi kumzuia. Nikasema kitanda chake kitabaki wazi humu ndani na mama yake ataita jina lake asubuhi kwa mazoea. Arben anatafsiri kila sentensi, kijana mmoja ananirekodi kwa simu, na wamama wakazidi kulia, wanaume wakajifuta macho, baba akaweka mkono kifuani. Wengine wakapiga makofi. Hapo nilishangaa kidogo, lakini nikasema labda ndio desturi.

Ningeketi hapo leo ningekuwa shujaa. Lakini nikaongeza, "Kabla hatujampeleka, naomba familia iniruhusu niuone mwili."

Arben hakutafsiri. "Mwili gani?" akaniuliza.

Na kabla nijibu, mlango ukafunguliwa, msichana akatoka amevaa nguo nyeupe mpaka chini, kitambaa chekundu kichwani, ameshikwa na mama yake, na mimi nikarudi nyuma nikaangusha kiti. Sitawadanganya, kwa sekunde kama mbili nilidhani ni yeye marehemu.

Watu wote wananiangalia. Baba anauliza Arben mgeni amesema nini mwishoni, na Arben ananiambia kwa sauti ndogo kwamba anaweza kusema nimemwombea bibi harusi maisha marefu, tuiache hapo. Nilitamani sana. Lakini yule baba alikuwa ameninyenyekea, amenipa kiti cha mbele, na ningewezaje kumdanganya kwa boma yake siku kama hiyo? Nikasema mwambie ukweli. Arben akamwambia.

Baba uso ukabadilika, akaniangalia mimi, akaangalia binti yake, na mimi nimesimama hapo kama ng'ombe ameingia kanisani, sijui nitoke au nipige magoti. Halafu nyanya mmoja wa nguo nyeusi akaja mbio mpaka mbele yangu akanitemea mate, tu, tu, tu. Sasa mimi nimeoa kwa Wamaasai, na kule wazee wakikutemea mate ni baraka. Nikainamisha kichwa vizuri aongeze. Nikamwambia asante, nyanya. (Baadaye ndio nilijua alikuwa anafukuza ule mkosi nilioleta.)

Aliyeniokoa ni bibi harusi. Kwa mila yao bibi harusi akiaga kwao hutakiwa alie, aangalie chini, lakini nikaona kile kitambaa chekundu kinatingika, kumbe ni kicheko, na mama yake akashikwa pia, analia na kucheka pamoja. Baba akainua kile kiti nilichoangusha akakipanguza kwa mkono, akaongea polepole. Arben akaniambia, "Anasema hujakosea sana. Anasema keti."

Nikaketi. Hapo ndipo Drita alinipata, na Helen na wenzake wote nyuma yake, wamenitafuta mpaka wakafuata sauti. Drita alikuwa ametueleza siku ya kwanza kwamba huko wengi hutingisha kichwa wakimaanisha ndiyo, ni vile mimi nilikuwa nimelala kwa gari mdomo wazi. Helen hakunigombeza. Alinihesabu tu kwa kidole, "Nane."

Nilifikiria nyumbani nitaificha. Naserian akaiona video kabla nifungue sanduku. Aliitazama mpaka mwisho, mara mbili, hacheki. Halafu akaniuliza, "Baba Nasieku, siku ulinitoa kwetu, nikaambiwa nisigeuke nyuma, mama yangu ulidhani analilia nani?"

Ni kweli, siku ya harusi yetu mama yake alilia. Nilikuwa nimesimama pale pale, miaka hiyo yote iliyopita, suti mpya, nikingoja tu gari iondoke. Jumapili iliyofuata nilimpeleka kwao, nikamwamkia mama mkwe, nikamwambia pole. Yeye akaniuliza nani amekufa.