Mume Wangu Golini, Mdogo Wangu Benchi

Assalaam alaykum. Nawaomba mnisitiri, jina langu lisitoke wala la timu lisitajwe, maana huku Maskati sie tunajuana. Nna miaka thalathini na tisa, nna mume na watoto watatu. Wazee wetu walitoka Unguja, sie tumezaliwa huku, na nyumbani tunasema Kiswahili mpaka leo. Haya nayaandika nimekaa ndani ya gari nje ya skuli, nasubiri watoto watoke. Nimechoka jamani. Hata kulia nimechoka.

Mume wangu alikuwa kipa wa timu yetu ya mtaa, timu ya jamaa wanaocheza kila Ijumaa jioni. Kasimama golini miaka kumi na moja. Kipa wa akiba ni mdogo wangu wa tumbo moja, tumwite Khalfan, ana miaka ishirini na sita. Baba yetu alifariki Khalfan akiwa mdogo, na mume wangu ndiye aliyemlea na kumfundisha kudaka, uani kwetu, kwa mpira wa plastiki. Walikuwa hawaachani.

Mwaka huu mabao ya kitoto yakaanza kumpita mume wangu. Mashabiki wakagawika. Kwenye ukurasa wa timu wengine wanaandika, "Mzee apumzike, aanze Khalfan." Wengine wanajibu, "Kipa hatupwi kwa makosa mawili, huyu ndiye aliyetubeba." Ubishi ukafika mpaka maharusini, wanaume wanagombana biriani inapoa. Na mie, mke wa huyu na dada wa yule, kila ninapopita naulizwa, "Wewe uko upande gani?" Nacheka tu, naondoka.

Asubuhi moja mume wangu alikuwa anajimiminia chai, ikamwagika nje ya kikombe. Mara ya pili wiki ile. Nikamuuliza, "Baba Salma, unaona vizuri wewe?"

Akaweka birika chini, akasema, "Jicho la kushoto lina ukungu. Mpira ukija upande huo nauona ushafika."

Nikamwambia twende hospitali, na kocha aambiwe. Akakataa. "Msimu ukimalizika nitakwenda. Na wallahi ukimwambia mtu, hutaniona nikikuamini tena."

Ijumaa iliyofuata alirukia mpira akachelewa, akapigwa teke la uso. Akarudi nyumbani kashonwa nyusi, shati lote damu, na bado anaulizia mechi ijayo ni lini. Usingizi ukanipotea. Nikawaza: kusema siwezi, nimekatazwa, kunyamaza nako ataumia zaidi. Ndipo nikafanya nilichofanya.

Nilifungua akaunti kwa jina la uongo, la kiume, nikaandika kwenye ukurasa wa timu: "Kocha, mpaka tufungwe mangapi? Huyu kipa kila mpira wa kushoto anachelewa. Mpe nafasi Khalfan." Nilidhani ni mistari miwili tu ya kumsukuma kocha. Watu wakamiminika. Wakamtukana, wakamwita kipofu bila ya kujua wanasema nini. Mmoja akaunganisha video ya mabao yote aliyofungwa, akatia na vicheko. Na la kunifedhehesha zaidi ni kwamba walionipinga niliwajibu. Mara mbili. Nikitaka nishinde.

Siku ya pili yake, tunakula mchana, mume wangu akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti. Akaweka simu chini. "Huyu ananijua. Nani anajua habari ya kushoto ila anayefanya mazoezi na mie kila siku? Ni Khalfan huyu." Mie hakunifikiria hata kidogo. Nikainuka kama naenda kuleta maji.

Kocha akambadilisha. Khalfan akadaka nusu fainali, wakashinda, mashabiki wakambeba juu. Siku ile ile alikuja kwetu kumwamkia shemeji yake. Mume wangu hakumfungulia vizuri hata mlango. "Uliyataka, umeyapata. Kwangu usikanyage tena."

Khalfan akalia pale pale kizingitini, mwanamme mzima. "Shemeji, naapa kwa Mungu sijaandika mie." Mlango ukafungwa. Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya mume wangu, nayasikia yote.

Alipokwisha kutolewa golini, mume wangu akakubali kwenda kwa daktari wa macho. Akaambiwa ni mtoto wa jicho, atafanyiwa operesheni, lakini pigo jengine kama lile lingeweza kulimaliza jicho kabisa. Alirudi ananishukuru kwa kumshikilia aende. Akasema, "Mungu kaniepusha na kubwa. Lakini Khalfan simsamehi."

Kila Ijumaa tulikuwa tunakula wote kwa mama, mtaa wa Ruwi. Sasa mama anapakua mara mbili: mume wangu anakula adhuhuri na watoto, Khalfan anakuja alasiri tukishaondoka. Mama kaniuliza, "Wanangu wana nini?" Nikamwambia mpira tu, mama, utapita. Fainali ni Ijumaa ijayo, na Khalfan kamwambia kocha hachezi. Kanipigia simu: "Dada, bora niache mpira kuliko kuitwa msaliti na mtu aliyenilea." Mashabiki sasa wanamtukana yeye, eti anaringa.

Ile akaunti nimeifuta, lakini maneno yangu watu washayapiga picha, yanazunguka.

Nimejaribu kusema mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa juzi. Nilimkalia karibu, nikamwambia, "Baba Salma, nna neno." Kabla sijaendelea akanishika mkono akasema, "Watu wote wamenisema, hata niliowalea. Umebaki wewe tu."

Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Ndugu zangu, Ijumaa inakuja. Nimwambieje? Nishaurini, wala msinionee haya.