Mwendo wa Maringo wa Kipkurui

Huku Kiptere, ukimwona kijana anatoka jasho na hana jembe mkononi, ujue anajiandaa kwa mbio. Hakuna anayeuliza zaidi. Ndiyo maana Kipkurui alidhani siri yake iko salama, maskini.

Mwaka huo wa 1992 Kipkurui aliletewa densi ya vogi na Kim, msusi aliyehamia sokoni kutoka Nairobi na kanda moja ya video iliyochakaa. Waliitazama saluni, kwa televisheni ya betri ya gari. Kim hakumficha kitu. Alimweleza kwamba densi hiyo ilibuniwa Amerika na watu weusi, wanaume wanaopenda wanaume wenzao, wengi wao wamefukuzwa makwao.

"Na hawapigwi?" Kipkurui akauliza.

"Wanapigwa. Jumamosi wanacheza."

Kipkurui alikuwa mtu mzima na hakuwahi kusikia kwamba wako wengine kama yeye. Kwa furaha akaomba kanda irudishwe mwanzo.

Basi akajifunza. Mikono haikumsumbua, kwani vidole vilivyochuma majani chai tangu utotoni havihitaji kuamshwa. Kiuno ndicho kilichogoma. Kim alimwambia atembee kama tajiri aliyekuja kununua soko zima, naye akatembea kama mtu anayemkwepa fahali wa jirani. Jioni, majani yakishapelekwa kituoni, alirudi shambani akajizoeza peke yake kati ya mistari ya chai: anachuchumaa na kutembea hivyo hivyo, anazungusha nyonga, anajitupa chali mguu mmoja umekunjwa chini yake. Magoti yake yalisema nini, tusiulizane.

Mwalimu Robert, aliyestaafu lakini filimbi yake ikakataa kustaafu, alimwona kutoka barabarani. Akakitazama kile kiuno, akajipiga paja, akaenda moja kwa moja kwa mamake.

"Janeffer, kijana yako ni mtu wa mashindano ya kutembea haraka, yale ya kuzungusha kiuno. Hiyo kiuno ni ya international."

Kabla wiki haijaisha habari zilikuwa zimetangazwa kanisani. Kipkurui angesema nini? Kukana kungetaka maelezo, na aliamini maelezo yangemtoa nyumbani. Baba alikuwa amekufa, nyumba ilikuwa ya watu wawili tu. Aliogopa kwamba mama amempenda mwanariadha, na siku atakapojua hakuna mwanariadha, hatakuwa na mtoto tena. Kwa hiyo akakubali kuandikishwa.

Uwanjani Kericho wenzake walikwenda kama watu waliobanwa wanaotafuta choo. Kipkurui alianza vivyo hivyo. Lakini alipofika mbele ya jukwaa na kuona macho yote yale, kiuno kilichogoma miezi mizima kikakubali. Akapunguza mwendo. Akageuza shingo polepole, mikono ikaanza kuuchora uso wake. Waamuzi walipekua sheria zao na hawakupata palipokataza mikono. Washindani walimpita mzunguko mzima, wakampita tena, naye akawapungia. Mwalimu Robert alipuliza filimbi huku analia. Kwenye mstari wa mwisho Kipkurui akajitupa chali, mguu chini, mkono juu, na watu wa huduma ya kwanza wakaja mbio na machela. Akawarudisha kwa kidole kimoja.

Akiwa bado chini akamwona mamake anakuja na kibuyu cha mursik, maziwa yale tunayowanywesha washindi. Kipkurui alikuwa wa mwisho. Akainuka, akaamua liwalo na liwe.

"Mama, hii haikuwa mashindano. Ni densi. Ni ya wanaume wenye wanapenda wanaume. Na mimi ni mmoja wao."

Janeffer akazibua kibuyu. Akapangusa mdomo wa kibuyu kwa leso.

"Hawa vijana wa mbio nimewaona miaka yote," akasema. "Wanarudi nyumbani wamenuna. Wewe ulikuwa unatoka kwa chai ukicheka. Nikajua hii si mbio."

"Lakini mursik ni ya mshindi."

"Ng'ombe ni yangu, na kijana ni yangu. Kunywa, kabla Mwalimu hajafika na filimbi yake."