Kidevu cha Torquil

Mume wangu Torquil alinyoa ndevu kila siku ya Mungu, tangu alipoingia kikosi cha zimamoto cha kijiji chetu akiwa kijana mpaka alipokaribia kustaafu. Si kwamba alipenda. Barakoa ya hewa wanayoingia nayo kwenye moshi haishiki vizuri uso wenye ndevu: hewa inavuja, moshi unapenya, na habari yako imekwisha. Kwa hiyo harusini kidevu kitupu, msibani kidevu kitupu, Krismasi vilevile. Na kikosi chenyewe si kazi ya kutwa. Torquil ni fundi wa uzio na mageti ya kondoo. Peja ya kuitiwa moto inakaa kiunoni, ikilia anaiacha nyundo pale pale na kukimbia.

Sasa, ukutani kwenye baa ya hoteli yetu zimetundikwa picha za kamati ya Michezo ya kijiji, kila mwaka picha moja. Babu yake Torquil yumo. Baba yake yumo. Wamesimama na kilti zao, zile sketi za sufu za wanaume wa kwetu, marinda yamenyooka, ndevu zimeshuka mpaka kifuani, na ukiwaangalia unajua hawa walikuwa wanaume wa kuogopwa na ng'ombe. Torquil naye yumo miaka mingi, maana ndiye mwamuzi wa kurusha magogo. Kilti anayovaa ni ile ile ya baba yake. Lakini kidevu! Alasdair mwenye baa, ambaye ndevu zake nyekundu anazichana mara nyingi kuliko mimi nywele zangu, alikuwa hachoki kumuuliza kwaya ya watoto inaanza saa ngapi. Baa nzima inacheka, na Torquil anacheka nao. Halafu nyumbani namkuta mbele ya kioo anajipapasa kidevu. Iliniuma, nasema kweli, pengine kuliko ilivyomuuma yeye.

Ndipo mwaka jana mwezi wa kumi na moja akateleza kwenye barafu na kuteguka bega. Marsaili, dada kijana anayeongoza kikosi, akamweka kwenye simu ya upepo na kuosha mipira ya maji mpaka apone. Torquil akauweka wembe kabatini siku hiyo hiyo, wala hakuniomba ushauri.

Majuma ya kwanza nilijuta kuolewa. Uso ulikuwa kama brashi ya kusugulia sufuria, nikamwambia usiku aelekee ukutani. Ukaja muwasho, anajikuna mezani, anajikuna kanisani. Halafu zikatoka rangi tatu: nyeusi huku, mvi kule, na katikati nyekundu kama za yule mwenye baa, jambo ambalo alisema nisimwambie mtu. Uji wa shayiri ukawa unabaki humo mpaka chakula cha mchana. Lakini ilipofika Mei zikalala zenyewe, laini, zimejaa, na mimi niliyekuwa nikilalamika nikajikuta nazishika kila nikipita karibu yake. Nilizipenda. Hata visubi vya kando ya ziwa, vinavyotutafuna kila kiangazi, vilikuwa vinapotelea humo.

Mwezi wa sita nikaitoa kilti kwenye sanduku, nikaipunga hewa, nikasogeza vifungo vya kiunoni, kwa sababu baba yake hakuwa na tumbo lile. Akaivaa akasimama jikoni. Marinda, soksi ndefu, kikoba cha ngozi mbele, na juu ya yote zile ndevu. Alikuwa kama ametoka kwenye zile picha za baa. Nikamwambia amependeza, nikageuka kukoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Michezo yetu ni Agosti. Bega lilikuwa limeshapona na daktari amemruhusu, ila kuna mkulima mmoja, Fearchar, alikuwa ameshaingia kikosini, kwa hiyo hakuna aliyemharakisha Torquil. Septemba angestaafu na kurudisha peja yake moja kwa moja. Kabla ya hapo apige picha moja, na ndevu zake, na kilti ya baba yake. Hakutaka kingine. Alikuwa amemwambia kila mtu, mpaka kasisi.

Alhamisi ya kabla ya Michezo, Fearchar akaanguka kutoka kwenye trekta lake na kuvunjika kifundo cha mguu. Kikosi kikabaki na watu watatu wa kuvaa barakoa. Wakiwa pungufu ya wanne gari halitoki, ndiyo sheria, na gari la mjini mpaka lizunguke ziwa lote, nyumba imeshakuwa majivu. Na kiangazi kile kilikuwa kikavu, nyasi zinakatika mkononi, uwanja unaanza kujaa mahema ya wageni na majiko yao ya gesi.

Ijumaa jioni Marsaili akaja. Alikunywa chai. Alisifu keki yangu. Aliongea habari za mvua iliyogoma, za mahema, za Fearchar na plasta yake, na muda wote alitazama dirisha, paka, saa ya ukutani, kila kitu isipokuwa ndevu za mume wangu. Torquil akamwacha amalize kikombe cha pili.

"Binti," akasema, "umekuja kuniomba kitu au umekuja kula keki?"

"Sijaja kuomba, mzee," Marsaili akasema. "Nimeshazunguka kwa kila mtu. Nimekuja kwa sababu sina pengine pa kwenda."

"Ni ya kesho tu?"

"Mpaka Fearchar apone, au nipate mtu mwingine."

Torquil alijikuna taratibu chini ya taya. "Haya," akasema.

Msichana alipoondoka nikamtolea uvivu. Nilisema kijiji kizima kimejaa wanaume wenye ndevu zisizo na kazi, kwa nini kila siku awe yeye? Nilisema amewatumikia watu hawa tangu ujana na malipo yake ni kuchekwa baa. Nilisema asubiri Jumapili, siku moja tu, apige picha yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ishbel," akasema, "nikisimama pale na ndevu zangu, halafu kitu kikaungua, ile picha nitaitazamaje?"

Nikaleta mkasi.

Nilimnyoa mimi mwenyewe, jikoni, amekaa kwenye kiti na taulo shingoni, amefumba macho. Kwanza mkasi, halafu sabuni na wembe. Nililia, na sioni haya kusema. Machozi yakamdondokea kichwani, akauliza kama paa limeanza kuvuja. Nikafagia zile rangi tatu kwenye sakafu. Paka akaja akazinusa, akaondoka zake.

Asubuhi jua likawaka kama limelipwa. Akavaa kilti, akafunga kikoba, na peja akaichomeka ubavuni mwa mkanda. Nilipomwona kwenye mwanga wa nje nikashika mdomo. Uso wake juu ulikuwa umeungua na jua la kiangazi kizima, kahawia kabisa. Chini, pale zilipokuwa ndevu, mweupe kama unga. Mpaka wake ulikuwa umenyooka toka sikio hadi sikio. Nikamwambia amependeza. Akasema nina uongo.

Uwanjani zumari zilikuwa zimeshaanza. Tulipopita karibu na mapipa ya bia, Alasdair akatuona.

"Jamani, kwaya imerudi!" akapaza sauti. "Torquil, mama yako anajua uko nje?"

Watu wakacheka. Torquil naye akaanza kutabasamu lile tabasamu lake la miaka yote, na mimi nikaona sasa basi. Nikasogea mpaka kwenye mapipa.

"Wewe Alasdair, jana Marsaili alipita kwako. Ulimjibu nini?"

Akazilaza ndevu zake kwa kiganja. "Nilimwambia nina baa ya kuangalia, dada."

"Mwenzio alikuwa na picha ya kupigwa. Haya, cheka sasa."

Hakucheka, wala waliokuwa pale hawakucheka. Wengine walikumbuka ghafla kwamba glasi zao ni tupu. Torquil alinivuta mkono, ameona aibu kuliko yule niliyempa vidonge vyake, akaninong'oneza kwamba yatosha, magogo yanamsubiri.

Siku nzima haikuungua hata soseji. Gari la zimamoto lilisimama getini linang'aa, wanne wao wakalizunguka, wakanywa maji ya limau, wakapigwa na jua. Kamati ikapiga picha yake na Torquil akasimama mahali pake. Jioni anavua viatu sebuleni nikamwambia basi, ndevu zote zile zimekwenda bure. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepigwa na jua.

"Hakuna kilichoungua," akasema. "Si ndicho tulichokuwa tunataka?"

Septemba, wiki ya kurudisha peja, nilikwenda naye kituoni. Mlangoni alisimama mtu ambaye Marsaili alidhani ni mgeni aliyepotea njia. Mtu mnene, mashavu ya waridi, na kidevu kidogo, kidogo mno, kimejificha katikati ya shingo. Mpaka aliposema tusicheke ndipo tukaijua sauti. Ni Alasdair. Alisema mbwa wake mwenyewe amembwekea asubuhi ile. Tulicheka, sitadanganya, tulicheka mpaka Marsaili akakaa chini kwenye mpira wa maji. Torquil peke yake hakucheka. Aliichomoa peja mkandani, akaipangusa kwenye shati, akamkabidhi Alasdair mkononi na kumwonyesha kitufe kinachogoma.

Sasa ndevu zimerudi, zinaukaribia ukosi. Agosti ijayo atapigwa picha na kilti yake kama baba yake, na amekwisha kuniomba, mara tatu nne hivi, niitoe sebuleni ile nakala ya picha ya mwaka huu. Anasema anaonekana kama mtu aliyechovya uso kwenye unga. Ni kweli, ndivyo anavyoonekana. Haitoki. Mgeni akiisogelea na kuuliza ule weupe usoni kwake ni nini, namwambia ndizo ndevu za mume wangu.